Jini Aliyejua Bapa

Bilali alikuwa na ushahidi, na kwa miaka kumi na moja ushahidi huo haukuwahi kumwangusha. Kila mwaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama, aliacha pombe. Siku thelathini hakuigusa, hakuinusa, hakuitaja. Ikija Idi anaswali, anakula pilau kwa shangazi yake Mwamvita, anacheka na watu barazani. Halafu siku ya tatu au ya nne anarudi kazini Kibaha, na kabla jua halijazama huko, chupa ya kwanza imeshakauka. Hilo la baada ya Idi hakulitilia maanani. Alichokishika ni zile siku thelathini. Mlevi hawezi kuacha, mimi naacha, basi mimi si mlevi. Alijisomea maneno hayo kichwani mara nyingi, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha ufunguo bado upo.

Alikuwa fundi umeme. Picha ya Ndege, mtaa wa huko Kibaha, nyumba zinaota kila wiki, na katika nyumba zile ambazo hazijapigwa lipu wala kuwekwa madirisha, Bilali alichonga kuta, akapitisha paipu, akavuta waya. Ni kazi ya mtu peke yake. Jumatatu mpaka Jumatano alilala kwenye chumba alichopanga huko huko. Alhamisi jioni alipanda pikipiki yake, akatafuna karafuu njia nzima, akarudi kwake Msimbu, Kisarawe, kwa mkewe Biubwa. Binti zao wawili walikuwa wameshaolewa. Ijumaa alikuwa safu ya pili msikitini, kanzu imenyooka. Kwenye mkoba wa vifaa, chini ya koleo na testa, kulikuwa na bapa, ile chupa ndogo iliyobonyea ya pombe kali inayokaa vizuri mfuko wa nyuma. Nyumbani alikunywa funda mojamoja, chooni, kama mtu anayekunywa dawa ya kikohozi. Biubwa hakujua kitu. Alimwona mume mtaratibu, asiyependa maneno mengi, anayependa sana karafuu.

Mtu mmoja tu alijua. Didas alikuwa mwashi kutoka Mlandizi, Mkatoliki, mtu mkimya mwenye vidole vilivyoliwa na saruji. Mara nyingi walikutana kwenye jengo moja. Siku moja Didas alitia mkono kwenye tundu la ukutani lililoachwa kwa ajili ya swichi, akatoa bapa nusu.

"Fundi," alisema, "na hii nayo inapitisha umeme?"

Bilali alicheka. Didas hakucheka. Aliirudisha chupa pale pale ilipokuwa.

"Mimi nilikuwa naficha kwenye mfuko wa saruji," alisema. "Mwaka wa sita huu sijaigusa. Siku ukichoka, nipigie simu."

"Nichoke nini? Mimi Ramadhani nzima sigusi kitu. Muulize yeyote."

Didas aliokota mwiko wake. "Mimi nilikuwa sigusi Kwaresima," alisema, akarudi ukutani.

Bilali alimchukia wiki nzima kwa maneno hayo, na hakujua kwa nini.

Miaka yote ya nyuma, mwezi wa Shaabani alipunguza mwenyewe bila kufikiri, kidogo kidogo, mpaka mfungo unamkuta amefika chini. Mwaka huu kulikuwa na mwenye nyumba mmoja mwenye haraka, aliyetaka kuhamia kabla ya mwezi kuandama. Bilali alifanya kazi bila kupumzika, na alikunywa vivyo hivyo, mpaka mchana wa siku ile watu walipokuwa wakitazama angani kutafuta mwezi. Kesho yake akafunga, akiwa nyumbani Msimbu.

Siku ya kwanza mikono ilitetemeka. Hilo alilizoea, aliificha chini ya kanzu. Usiku hakupata usingizi hata lepe. Siku ya pili shati lililowa jasho akiwa amekaa kivulini, na alasiri alipotazama ukuta wa chumba chake aliona waya zikitembea, nyeusi na nyekundu, zikipanda kuelekea darini bila paipu. Alifumba macho. Alipoyafumbua bado zilikuwepo. Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Siku ya tatu, adhana ya magharibi ilipolia, alinyoosha mkono kuchukua tende. Biubwa alisimulia baadaye kwamba tende ilimfika mdomoni, kisha macho yakageuka, mwili ukakakamaa kama ubao, akaangukia sinia la futari, uji ukamwagika, na akaanza kupigapiga chini kwa miguu na mikono huku povu likimtoka.

Walimpeleka hospitali Kisarawe. Alipozinduka alikuwa kitandani, ulimi umekatika pembeni, na daktari kijana alikuwa amemshika kiganja akiutazama mtetemeko.

"Mzee wangu, nakuuliza jambo moja," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Unatumia pombe?"

Biubwa alidakia kabla mumewe hajafungua kinywa. "Pombe? Baba Firdausi? Daktari, huyu hata kinywaji cha kimea kisicho na kilevi hataki kukiona."

Daktari hakumtazama Biubwa. Aliendelea kumtazama Bilali. "Nauliza kwa sababu dawa zinategemea jibu lako."

Pale mlango ulikuwa wazi. Bilali aliuona kabisa. Neno moja tu lilihitajika, tena fupi. Lakini mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ushungi umekaa upande kwa haraka waliyotoka nayo, na macho yake yalikuwa yakimtetea.

"Mimi Mwislamu, daktari," alisema.

Daktari aliandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Siku ya pili yake Bilali aliruhusiwa kurudi nyumbani, akiwa na vidonge vya kumlaza na ushauri wa kurudi kupimwa kifafa.

Msimbu hakuna aliyezungumza habari ya kifafa. Shangazi Mwamvita, dada wa marehemu baba yake, alikuja asubuhi na mapema akakaa kwenye mkeka, akamtazama mpwa wake kutoka kichwa mpaka miguu.

"Shikamoo shangazi," Bilali alisema.

"Marahaba, mwanangu. Aliyemo humo ndani namjua. Alimpanda babu yako, akamwacha, sasa amerudi kwako. Wewe kazi zako si ni huko Kibaha, karibu na mto Ruvu? Ndiko alikokupata. Ni wa maji huyu."

Bilali alitaka kukataa. Lakini alipoyasikia maneno yale alihisi kitu kikilegea kifuani. Jini. Jini halina dhambi ya mtu. Jini halihojiwi na imamu. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo.

Wakamwita Rajabu, kaka yake Biubwa, ustadhi anayefundisha madrasa Kisarawe mjini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alifika baada ya swala ya alasiri. Chumba kilijaa moshi wa udi. Bilali alilazwa mkekani, Rajabu akaweka kiganja juu ya paji lake la uso, akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu, kwa sauti nzuri, na Bilali machozi yakamtoka, maana alizipenda aya zile tangu utotoni, na mwili wake wote ulikuwa ukitetemeka kwa kiu ambayo maji hayakuweza kuigusa.

Rajabu alisita. "Kama upo," alisema, "sema. Unataka nini kwa mtu huyu?"

Biubwa alishika ncha ya kanga mdomoni. Bilali alisikia kinywa chake kikifunguka, na sauti nzito iliyokwaruza ikatoka, sauti aliyoijua na asiyoijua.

"Nataka bapa."

Baadaye alijiuliza mara nyingi kama aliigiza. Hakupata jibu. Alichojua ni kwamba hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza kulisema ndani ya nyumba ile kwa miaka kumi na moja, na lilipotoka tu lilinyang'anywa likapewa mwingine.

"Kasema!" Shangazi Mwamvita alipiga makofi. "Kasema mwenyewe! Hawa wa maji ndio zao, wanapenda vikali."

"Bapa ndiyo nini?" Biubwa aliuliza.

Rajabu alikuwa ameuondoa mkono kwenye paji la uso. Alimtazama shemeji yake kwa muda, kisha akafunga msahafu taratibu. "Haramu haimtibu mtu," alisema. "Asipewe." Akaaga, akaondoka kuwahi futari kwake.

Kesho yake mchana Shangazi Mwamvita alikuja na bapa amelifunga kwenye kanga. Alikuwa amemtuma mtu wa bodaboda mjini. Alimimina kwenye kikombe cheupe cha kauri, kile kinachotumika kwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akamwinua Bilali kichwa.

"Siwezi, shangazi," Bilali alisema. "Mwezi mtukufu huu."

"Mgonjwa hana saumu. Na si wewe unayekunywa, mwanangu. Wewe fumba macho tu."

Bilali alifumba macho. Kinywaji kilishuka kikiunguza mahali palipozoea kuunguzwa, na baada ya dakika chache mikono yake ikatulia. Mwamvita aliinyanyua ile mikono juu ili Biubwa aione. "Haya, tazama mwenyewe. Si katulia?" Biubwa akalia kwa furaha. Hakukuwa na dalili kubwa kuliko hiyo.

Ndipo ikaanza wiki ambayo Bilali, katika miaka yote ya kujificha, hakuwahi kuota ingeweza kumpata. Alikunywa nyumbani kwake, mchana, juu ya kitanda chake, mwezi wa Ramadhani, na watu wakamheshimu kwa ajili hiyo. Kikombe kililetwa asubuhi na alasiri. Jini likazidi kutaka, na kikombe kikaongezwa. Majirani walipita dirishani wakimpa pole. Hakutafuna karafuu tena. Hakuwa na sababu ya kuficha kitu chochote, isipokuwa kimoja: kwamba hakukuwa na mtu mwingine humo ndani ila yeye.

Alilala akitazama dari. Ili aendelee kunywa, alihitaji kunyamaza tu. Ili aache, ilimbidi aseme, na akisema, mkewe atajua kwamba alikuwa mwongo siku ile ya hospitali, na Ijumaa zote kabla ya hapo. Na hata akisema akaacha, je, hataanguka tena? Alikumbuka ile tende. Aliogopa kunywa na aliogopa kutokunywa, na hofu hizo mbili zilikuwa na nguvu sawa, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mmoja na upande wake. Ule ushahidi wake alijaribu kuushika, akakuta hauko. Mwaka huu hakufunga hata siku nne.

Siku ya saba ya vikombe, mchana, Shangazi Mwamvita alikuwa ameenda kwake. Biubwa aliingia chumbani peke yake. Alikuwa ametawadha, uso bado una maji. Alipiga magoti kando ya kitanda, lakini hakumtazama Bilali machoni. Alitazama kifua chake, kama mtu anayezungumza na aliye nyuma ya ukuta.

"Shikamoo," alisema.

Bilali alipigwa na butwaa. Mkewe hakuwa akimwamkia yeye.

"Mimi sijui jina lako," Biubwa aliendelea, sauti ikimtetemeka. "Sijui nimekuita kwa ustaarabu au vipi. Nakuomba umwache mume wangu. Ni mtu mwema, hakumkosea mtu. Kazi yake ni ya mikono, na mikono umeichukua. Kama lazima ukae kwa mtu, basi njoo kwangu. Niingie mimi. Mimi nitakulisha hicho unachotaka, sitalalamika. Lakini huyu mwache."

Akainama, paji la uso likagusa godoro, akangoja jibu.

Bilali aliketi. Kichwa kilimzunguka, na harufu ya kile kikombe cha asubuhi ilikuwa bado iko puani. "Mama Firdausi," alisema. "Inuka. Hakuna jini."

Biubwa hakuinuka.

"Nisikilize. Hakuna jini humu. Mimi ndiye ninayekunywa. Nakunywa Kibaha, nakunywa humu ndani, chooni, miaka kumi na moja sasa. Ile karafuu ilikuwa ya kuficha harufu."

Biubwa aliinua uso polepole. Bilali alijiandaa kwa hasira, kwa kilio, kwa chochote. Alichokiona usoni mwa mkewe kilikuwa huruma.

"Shangazi alisema utafika hapa," Biubwa alisema kwa upole. "Alisema jini akibanwa atajikana, atasema hayupo, atamsingizia mwenye mwili. Lala, baba. Najua si wewe."

Akamfunika shuka, akatoka.

Bilali alibaki akiutazama mlango. Alikuwa amesema. Baada ya miaka yote ile alikuwa ametamka kila kitu kwa mdomo wake, na hakuna kilichotokea. Alitamani kupiga kelele, akajua hata kelele zitapewa jini. Alasiri kikombe kilikuja, na alikunywa, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza.

Jioni ile ile kabla ya futari alimpigia Rajabu simu. "Shemeji, naomba uje kesho. Uje peke yako."

Rajabu alikuja asubuhi kwa pikipiki ya kukodi. Alimwambia dada yake kwamba anataka kumsomea mgonjwa faraghani, akafunga mlango, akakaa juu ya kigoda. Lakini hakutoa msahafu. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Shemeji," alisema, "mimi nimesomea watu wengi. Wengine wamesema wanataka manukato, wengine damu ya kuku, wengine wametaja miji ya Uarabuni. Sijapata kusikia jini anayejua bapa. Hilo ni neno la dukani."

Bilali alifunika uso kwa viganja. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Mbele ya dada yangu? Mbele ya shangazi yako? Nilisema asipewe, nikadhani inatosha. Nikajidanganya." Rajabu alivaa miwani. "Nisamehe. Sasa tubu, tuanze upya."

"Shemeji, nimetubu miaka kumi na moja. Kila Ramadhani. Nikitubu nalia kweli kweli, siigizi. Halafu narudi. Na safari hii nikiacha naanguka. Toba naijua. Hiki kingine ndicho nisichokijua ni kitu gani."

Kwa kawaida Rajabu alikuwa mtu mwenye neno la kumwambia kila mtu. "Na mimi sikijui," alisema mwishowe. "Yuko anayekijua?"

Bilali akachukua simu, akamtafuta Didas.

Safari ya kwenda Kibaha walikwenda wanne: Bilali, Rajabu, Biubwa, na Didas aliyewapokea njia panda. Rajabu ndiye aliyemwambia dada yake, uani, kwa sauti ambayo Bilali hakuisikia kutoka chumbani. Alichosikia ni sufuria ikianguka. Njia nzima Biubwa hakumsemesha mtu. Alikaa kwenye kiti cha mbele cha gari la kukodi, ushungi ameuvuta mpaka usoni, na Bilali nyuma yake aliona shingo yake tu, imekakamaa.

Daktari ambaye Didas aliwapeleka kwake alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Vailet, aliyewapokea katika chumba kidogo chenye kalenda ya mwaka juzi. Alimuuliza Bilali maswali bila kubadilisha sauti, kama anayeuliza umri na mahali anapoishi: nini, kiasi gani, tangu lini, mara ya mwisho lini. Bilali alijibu yote. Kisha, bila kuulizwa, akautoa ule ushahidi wake. Alijua haufai tena kitu. Alitaka tu mtu auone.

"Siku thelathini kila mwaka, daktari. Mlevi anaweza hilo?"

"Anaweza," Vailet alisema. "Niambie, zile siku za kwanza za mfungo zilikuwaje? Mwaka wa kwanza?"

"Kichwa tu kiliuma."

"Wa tano?"

Bilali alifikiri. "Mikono. Siku mbili."

"Mwaka jana?"

"Jasho siku tano. Na niliona vitu pembeni ya jicho." Alisita. "Mwaka huu nilianguka."

Alikuwa hajawahi kuiweka miaka ile kwenye mstari mmoja. Sasa aliiona imesimama, mmoja juu ya mwingine, ikipanda.

"Pombe inaukandamiza ubongo," Vailet alisema. "Ubongo nao haukubali kulala, kwa hiyo unasukuma kinyume, mwaka hadi mwaka. Ukiondoa pombe ghafla, ule msukumo unabaki bila kizuizi. Ndio mtetemeko, ndio jasho, ndio kifafa ulichopata. Na kila unapoacha ghafla ukarudi, safari inayofuata inakuwa kali zaidi. Watu hufa kwa kuacha hivyo. Hutaacha peke yako tena. Utalazwa, tutakupa dawa tukiipunguza siku hadi siku, na vitamini, mpaka mwili utulie."

"Kwa hiyo mfungo ndio ulioniumiza?"

"Mfungo haukukuumiza. Ulichokuwa ukijivunia ni kuacha, na kuacha ulikuwa unaweza kweli. Ulichokuwa huwezi ni kutokurudi. Huko kurudi ndiko ugonjwa ulipo. Mlikuwa mnautafuta kwenye siku thelathini, wakati wenyewe unakaa kwenye siku mia tatu na zaidi zilizobaki."

Rajabu alitikisa kichwa taratibu. Didas alikuwa akitazama sakafu. Ilionekana wazi haya hakuyasikia leo kwa mara ya kwanza.

Biubwa alizungumza kwa mara ya kwanza. "Ni ugonjwa kama kisukari?"

"Unafanana. Hauponi ukasahaulika. Unaangaliwa kila siku."

"Kaambukizwa na nani?"

"Hakuna aliyemwambukiza, mama."

"Basi kautaka mwenyewe."

Vailet hakuharakisha kujibu. "Kikombe cha kwanza, pengine. Cha elfu moja, hapana. Lakini kuja hapa leo kataka mwenyewe, na kesho itabidi atake tena."

Biubwa aligeuka akamtazama mumewe, mara ya kwanza tangu asubuhi. Macho yalikuwa makavu. "Nilimpigia magoti," alisema. "Nilimwamkia. Nikamwambia aniingie mimi. Na wewe ulikuwa umelala hapo unasikia."

"Ndiyo," Bilali alisema.

"Jini ningemsamehe. Jini simjui. Wewe nakujua."

Bilali alilazwa siku kumi na tisa. Za kwanza nne hakuzikumbuka vizuri baadaye, ila kwamba zile waya zilirudi ukutani, na muuguzi mmoja alimshika bega akimwambia zitakwisha. Zikaisha. Idi ilimkuta wodini. Biubwa hakuja, alimtuma Rajabu na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, na ndani yake hakukuwa na salamu yoyote. Bilali alikula chote.

Alipotoka, Didas alimpeleka kwenye mkutano wa Jumamosi. Watu wapatao kumi walikutana katika darasa la usharika mmoja wa Kilutheri pale Kibaha, wakazungumza habari ya pombe, kila mmoja ya kwake. Bilali alisimama getini, akautazama msalaba juu ya jengo, miguu ikakataa.

"Hawatakuombea," Didas alisema. "Ni darasa tu. Hata kahawa yenyewe ni mbaya."

Bilali aliingia. Zamu yake ilipofika alitaja jina lake na akashindwa kuendelea, na hakuna aliyemsukuma.

Njia haikunyooka. Mwezi wa tatu tangu atoke wodini, mchana mmoja Mlandizi, alipokuwa amekwenda kununua nyaya, alijikuta kaunta na bapa mkononi, na hakuweza kukumbuka hatua kutoka duka la vifaa mpaka pale. Alilinywa. Alinunua la pili. Kabla ya kulifungua, alimpigia Didas simu akamwambia yuko wapi, kisha akakaa kwenye ngazi ya duka akilia mbele za watu mpaka Didas alipofika na ndala za kazini. Wakaenda moja kwa moja kwa daktari Vailet.

Na Shangazi Mwamvita mpaka leo anasema jini lilihamia kwa mtu mwingine, na anajua kwa nani.

Wiki ile ya Mlandizi ndiyo Biubwa alipofunga nyumba ya Msimbu, akamwachia jirani funguo na kuku, akaja Picha ya Ndege na begi moja na jiko la mkaa. Hakuomba ruhusa. Alisimama katikati ya chumba kile cha kupanga, ambacho hakuwahi kukiona kwa miaka yote, akatazama kitanda kimoja, dirisha lisilo na pazia, msumari wa kutundikia nguo.

"Ndimo ulimokuwa ukiishi," alisema.

"Ndimo."

Akafagia. Siku za kwanza hawakuzungumza ila la lazima. Bilali akirudi kazini alihisi pua ya mkewe ikimpitia kuanzia mlangoni. Chumba kilikuwa kidogo, na hapakuwa na kona ya kujificha. Alivumilia. Alijua kwamba kule kwenye nafasi, kwenye majumba matupu na barabara ndefu ya Alhamisi, ndiko alikokaribia kufa.

Jioni moja Biubwa alikuwa akichambua mchicha kwenye ungo. Bilali alikuwa akivua viatu.

"Leo umeitamani?" Biubwa aliuliza bila kuinua kichwa.

Bilali alishika kiatu mkononi. Jibu la zamani lilikuwa limeshafika mdomoni, laini, tayari. Akalimeza.

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Saa ngapi ilikuwa mbaya zaidi?"

"Saa tisa. Nilikuwa peke yangu kwenye nyumba moja ya ghorofa."

Biubwa alitupa mashina pembeni, akaupeleka mchicha kwenye maji. "Kesho saa tisa nitakuletea chai huko," alisema. "Nielekeze njia."

Bilali akaanza kumwelekeza.